Kiraka cha Katikati

Mwaka ule, tangu kiangazi kiingie, Mama Victorine wa Mushaki hakuwa na nafasi hata ya kukohoa. Mwanzo wa juma alifundisha akina mama wa Mushaki kwenye fuaye, ile nyumba ya masomo ambayo misheni iliwajengea wanawake. Katikati ya juma alidandia gari mpaka Masisi, akafundisha kule. Jumamosi walimfuata nyumbani wale walioitikia "ndiyo, mwalimu" juma zima bila kuelewa kitu. Somo lilikuwa lile lile: kuunga viraka vya nguo, kutandaza manyoya ya kondoo juu yake, kufunika kwa kitambaa kingine, kushona vyote pamoja, na kupata blanketi ambalo baridi ya milimani ikiliona inapita mbali. Viraka vilitoka kwa mafundi cherehani wa Sake, kwenye vikwembe, yaani vitenge vya akina mama, vilivyochoka, na kwenye mashati ya waume ambao hawakuulizwa.

Alikuwa mwalimu mkali. Subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, haikumtoka kidoleni tangu asubuhi, na mwanafunzi aliyeruka mshono aligongwa nayo kwenye mkono, kidogo tu, kwa upendo. Mumewe Barthélemy, mkulima wa maharagwe mwenye maneno machache, alisema kwamba na yeye huwa anagongwa akianza kukoroma.

Basi siku moja Léopold, dereva wa lori la mfanyabiashara wa Sake, alisimama mbele ya fuaye akiwa na ujumbe kutoka Itebero, mbali kule katika msitu wa Walikale. Akina mama wa kule, na mkubwa wao Mama Godelieve, walikuwa wamesikia habari za blanketi za viraka. Waliomba mwalimu.

"Nitaenda," Victorine alisema.

"Mama, sijamaliza," Léopold alisema. "Barabara iko mubaya. Mu msitu kunanyesha hata sasa hivi. Na kufika kule Itebero..."

"Nimesema nitaenda."

Wote walidhani ni bidii ya kazi. Adelaïde peke yake hakudanganyika. Huyu alikuwa jirani yake na mshonaji mwenzake, mwanamke mnene, mcheshi, mpenda samaki, na alimjua Victorine kama mtu anavyoujua mlango wa nyumba yake, mpaka pale unapokwama. Walipokuwa wakirudi nyumbani alimwambia, "Wee hauendi kufundisha. Unaenda kumuleta Céline."

"Na kama njo vile?"

"Basi na mimi naenda. Sitaki kusimuliwa."

Wanasema milima haikutani, binadamu hukutana. Victorine na Céline hawakuwahi kuihitaji methali hiyo, kwa sababu hawakuwahi kutengana. Walikulia kilima kimoja, wakajifunza kushona kwa sista yule yule, wakagongwa kwa subana ile ile. Céline alipofiwa na mumewe, Victorine alihamia kwake na kulala naye kitanda kimoja mpaka msiba ukaisha. Miaka ya fujo ilipopita na barabara zikafunguka, walianza blanketi moja kubwa la pamoja, kila mmoja na upande wake, wakishona kutoka pembeni kuja katikati. Kiraka cha katikati wangekishona wote wawili. Kisha, blanketi likiwa limebaki na tundu la ukubwa wa sahani, akatokea Athanase. Huyu alikuwa mtu wa Itebero aliyepanda milimani kuuza mafuta ya mawese. Alipanda na mafuta, akashuka na Céline.

Ndoa ilifungwa kanisani, watu wakala, Victorine akacheza mpaka kiatu kikakatika. Lakini moyoni hakukubali. Washonaji wa Mushaki walikuwa na sheria yao, waliyojitungia wenyewe na kuishika kuliko nyingi walizotungiwa: mtu akiacha kazi nusu, hajaondoka. Stuli yake haikaliwi, jina lake linaitwa, na kazi yake haiguswi na sindano ya mwingine, kwa kuwa anarudi. Kwa hiyo tundu likabaki tundu. Kila sikukuu, fungu la Céline la kasiksi, pombe ya ndizi, lilitiwa kwenye kikombe chake, na Adelaïde alilinywa kwa niaba yake bila kunung'unika.

Misimu ikapita. Céline hakuja hata kusalimia. Hakuja hata Victorine alipopata mjukuu wa kwanza. Alituma samaki wa kukaushwa na salamu. Victorine alikula samaki, akazikataa salamu.

Sasa alikuwa anakwenda kumchukua mwenyewe. Alilikunja lile blanketi lenye tundu, akalifunga ndani ya mkeka pamoja na mikasi, nyuzi na gunia la manyoya. Mpango wake ulikuwa rahisi: Céline akiliona blanketi atalia, akilia atakumbuka, akikumbuka atapanda gari. Mipango ya namna hii huwa mizuri sana kabla haijakutana na watu.

Waliondoka Mushaki asubuhi, juu ya magunia ya viazi, na ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni. Léopold aliendesha lori kama mtu anayegombana na mkewe: alilitukana, alilibembeleza, kisha akalitukana tena. Walipita Masisi, wakaingia njia ya Walikale, na kila walivyoshuka, Adelaïde alivua kitu kimoja. Alianza na shali, akafuata sweta, akafuata kitambaa cha kichwa.

"Ukiendelea, tutafika Itebero wee uko uchi," Victorine alisema.

"Njo heri. Sitafika nimepikwa."

Watu wa Mpofi, kijiji cha njiani, hawakuwa wamemwalika mwalimu, lakini lori lilikwama hapo, na Victorine hakuweza kuona wanawake wamekaa bure bila kuwapa sindano. Kabla Léopold hajatoka chini ya gari, darasa lilikuwa limejaa. Mwanamke mmoja, Joséphine-Marie, alinogewa mno na somo hata akakata kiraka kwenye kikwembe alichokuwa amekivaa. Kilikuwa kiraka kizuri, na alikuwa amekikata mahali pabaya. Aliondoka darasani akitembea kinyumenyume, huku akimshukuru mwalimu.

Baada ya Walikale mvua iliwakuta, ile mvua ya msitu isiyojua kama ni kiangazi. Daraja moja lilikuwa limekwenda na maji, lori likabaki, na kutoka hapo walitembea kwa miguu, mizigo kichwani, pamoja na wachuuzi waliokuwa wakielekea Itebero. Mkeka ulilowa. Blanketi likalowa. Na manyoya ya kondoo yakilowa, jamani, yanakumbuka kuwa yalikuwa kondoo.

Hilo halikumsumbua mtu mpaka walipofika. Itebero ni watu wa shamba na watu wa kuwinda, na mbwa wao wa kuwinda huvalishwa kengele ya mti shingoni. Mbwa wale hawakuwahi kumwona kondoo, lakini pua zao ziliwaambia kwamba mama huyu mrefu amebeba mnyama mkubwa kichwani. Kengele zikaanza kulia kutoka kila uwanja. Victorine aliingia Itebero akisindikizwa na mbwa kama bibi harusi, akiwafukuza kwa mguu, na watu walitoka nje kuona nani anakuja kwa shangwe hiyo.

Katikati ya watu hao alikuwa Céline. Alikuwa amenenepa, amevaa kikwembe cha manjano, na alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

"Victorine," alisema. "Miaka hii yote, na unafika unapigana na mbwa."

Victorine alikuwa ameandaa maneno makali njia nzima, maneno mazuri, yaliyopangwa kama viraka. Yote yalimtoroka. Walikumbatiana pale matopeni, mmoja analia, mwingine anacheka, na kwa muda mrefu haikuwezekana kujua yupi anafanya lipi. Adelaïde aliwangojea kidogo, kisha akauliza kama samaki wa Itebero wako tayari ao bado wako mu maji.

Kesho yake Victorine alilitandaza blanketi kwenye kamba uwanjani kwa Céline ili likauke, na tundu lake akalielekeza mlangoni ili mwenye nyumba asiweze kutoka bila kuliona. Céline alitoka. Aliliona. Alisimama kidogo, akasema, "Kumbe ungali nalo," kisha akakumbuka kwamba chumvi imekwisha na akaenda kuomba kwa jirani. Hakulia. Mpango ulikuwa umeanza kuyumba.

Akina mama wa darasa walipofika, ni tundu waliloliona kwanza. Mama Godelieve, mkubwa wao, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, aliingiza kichwa ndani yake na blanketi likamkaa mabegani.

"Hii iko kanzu ya padri?" aliuliza.

"Hapana. Iko burangeti. Kazi haijaisha."

"Haijaisha," Godelieve alirudia. Alitoa kichwa, akalitazama tundu tena, akagusa kingo zake kwa kidole, na uso wake ukawa wa mtu aliyeambiwa kuna mgonjwa nyumbani. Hapo Victorine angeweza kueleza sheria ya Mushaki. Lakini kueleza sheria kungekuwa ni kueleza alichofuata, na yeye alikuwa amekuja kama mwalimu. Akafungua gunia la manyoya.

Darasa lenyewe lilianza vibaya. Victorine alitandaza manyoya, akaonyesha unene wake, akasema kwamba mtu akilala chini ya hili hasikii baridi mpaka asubuhi. Akina mama walitazamana. Jasho lilikuwa linawatiririka wakiwa wamekaa tu. Mmoja wao, Constance, aliuliza kwa adabu yote, "Mama mwalimu, hii iko ya kulala ndani, ao ya kuivishia ndizi?"

Walicheka mpaka kuku wakahama uwanja. Victorine aliinua mkono wenye subana, akaona wako wengi mno wa kuwagonga. Ni Adelaïde aliyeokoa mambo. Alichukua viraka vilivyoungwa, akavishonea kitambaa chepesi kwa nyuma bila kutia manyoya hata unyoya mmoja, akakitundika mlangoni. Upepo ulipita, kitambaa kikacheza, na nzi wakabaki nje. Akina mama waliona. Siku hiyo hiyo Itebero nzima ilitaka mapazia ya viraka, na mwalimu wa blanketi akawa mwalimu wa mapazia, jambo ambalo alilimeza kwa shida. Lakini walikuwa na mikono mizuri, wale wanawake. Waliozoea kusuka mikeka na vikapu hawakuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba mstari ni mstari. Kabla juma halijaisha, Victorine alikuwa anawapenda, na alikasirika kwamba anawapenda.

Mambo mengine yalikuwa hayaendi. Kila walipokaa na Céline wakimenya mihogo, Victorine alileta Mushaki kidogo kidogo.

"Maziwa ya mwaka huu," alisema, "hata haujaona maziwa ya namna ile."

"Nafurahi," Céline alisema. "Chukua samaki."

"Viazi biko bikubwa sawa kichwa ya Barthélemy."

"Mungu abariki. Chukua na ndizi."

"Na baridi, Céline. Haukumbuke baridi? Kuamuka, kupumua, kuona moshi inatoka mu kinywa?"

"Nakumbuka sana," Céline alisema, akajipepea kwa jani. "Nilikuwa naumwa kifua kila mwaka."

Njia iliyobaki ilikuwa Athanase. Victorine alimchunguza kama anayetafuta kiroboto ndani ya nguo. Kama ni mlevi, atasema. Kama anampiga, atasema kwa sauti. Kama ni mvivu, hiyo pia inatosha. Ila Athanase alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kuamka mapema kutega nyavu zake, na kila asubuhi alipiga hodi kuuliza, "Mama Victorine, umelala muzuri? Mbu hawakusumbua?" Jioni alichoma samaki mwenyewe, akampa mkewe kichwa, kwa sababu Céline alipenda kichwa tangu utoto. Victorine alijua hilo. Hakutegemea mtu mwingine alijue.

"Hana kosa hata moja?" Adelaïde alimwuliza.

"Anaimba vibaya kanisani."

"Basi tumufunge."

Victorine hakucheka. Kifuani alikuwa na hofu ambayo hakuwa ameijua tangu aanze safari. Mpaka sasa alikuwa anaogopa kwamba Céline anateseka. Sasa aliogopa kwamba hateseki. Hata hivyo tundu lilikuwa bado lipo, alijiambia. Asubuhi na jioni alipita uwanjani kulitazama. Maadamu tundu lipo, Céline hajaondoka Mushaki, na siku ya kuagana atamwambia wazi, mbele ya blanketi, na hawezi kukataa.

Jumapili, siku moja kabla ya kurudi, walisali wote. Baada ya sala Adelaïde alimshika Victorine mkono na kumwambia kwamba hajawahi kuoga mtoni tangu wafike, na kwamba hawezi kurudi Mushaki akinuka kondoo. Ilikuwa kweli, kwa hiyo Victorine alikubali. Adelaïde alioga kwa utaratibu ambao haukuwa wa kawaida yake. Alisugua kisigino kimoja mpaka kikang'aa, kisha akahamia cha pili. Alitaka hadithi. Alitaka wakaukie juani, juu ya jiwe, na jua lenyewe lilikuwa linatoka na kuingia.

Walipokaribia nyumbani kwa Céline walisikia nyimbo. Uwanja ulikuwa umejaa. Akina mama wote wa darasa walikuwa pale, wamevaa vikwembe vya Jumapili, na Mama Godelieve alikuwa mbele yao, amelishika blanketi kwa ncha mbili huku Constance ameshika nyingine mbili. Walilitikisa kwa mdundo, na katikati yake, pale palipokuwa na tundu, palikuwa na kiraka. Kilikuwa cha nguo ya gome la mti, ile ambayo mafundi wa msituni huipiga kwa nyundo mpaka inalainika, na kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu na kuchorwa mistari myeusi. Kilikuwa kizuri kuliko vyote vilivyokizunguka.

"Mama mwalimu," Godelieve alisema, na sauti yake ilifika ng'ambo ya mto, "huku kwetu mugeni akifika na kazi nusu na akarudi nayo nusu, njo aibu yetu. Bantu batauliza: kule Itebero hakukuwa mikono? Sasa tumemaliza. Utaenda na moyo mweupe."

Wakapiga vigelegele. Na Victorine, aliyekuwa amefundisha misheni, aliyejua kula kwa bwana mkubwa na kula kwa maskini, alifanya kile ambacho mgeni hufanya. Alicheka. Alicheka mpaka midomo ikakauka kwenye meno. Alishukuru, alimkumbatia Godelieve, alimkumbatia Constance, alicheza hatua mbili tatu walizomwonyesha, na wakati wote huo moyo wake ulikuwa unalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mgeni mwenyewe apone kwa nani, hawasemi.

Alipoweza, alilichukua blanketi kama anayekwenda kulikunja, akazunguka nyuma ya jiko, akakaa chini, akatoa wembe wake wa kukatia nyuzi. Angefumua. Ushonaji hufumuliwa, ndio uzuri wake. Angelirudisha tundu mahali pake kabla jua halijazama, na wasiopenda wasipende. Alikata uzi wa kwanza, akakata wa pili.

"Acha," Céline alisema.

Alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko. Alikuja, akageuza kinu, akakikalia.

"Bale bamama hawana kosa," Victorine alisema bila kumtazama. "Hawakujua. Sitawakasirikia. Lakini hii natoa."

"Bale bamama hawakushona. Ile mushono unakata iko yangu."

Wembe ulisimama.

"Godelieve aliniuliza," Céline alisema. "Alisema, huyu mugeni wako iko na kazi nusu, tufanye nini? Nikamuambia, tushone. Bao balikata ile nguo, balipaka rangi, baliimba. Lakini sindano nilishika mimi. Nikamuomba Adelaïde akupeleke ku mto."

"Adelaïde."

"Nilimupa samaki."

Kwa siku nyingine jambo hilo lingemchekesha Victorine juma zima. Sasa aliuweka wembe chini. "Wee unajua," alisema. "Bale bengine hawajue, lakini wee unajua ile kitu inamaanisha nini kwetu."

"Njo maana nilishona."

Victorine alilia. Hakulia kwa heshima kama alivyolia siku ya harusi. Alilia kwa sauti, kamasi na yote, akiwa ameuficha uso ndani ya blanketi lenye harufu ya kondoo. Alikuwa amechoka kungoja, na hakuwa amejua kwamba amechoka. Céline alimwacha alie. Mbwa mmoja alikuja na kengele yake, akanusa pindo la blanketi, akafikiri, akaenda zake.

"Umetuacha," Victorine alisema hatimaye.

"Nilishaondoka siku mingi, dada. Wee peke yako njo haukukubali."

"Haukukuja hata kuona mujukuu wangu. Hata siku moja. Ulituma samaki. Mutoto ananyonya, atafanya nini na samaki?"

Céline aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya matope hakuwa na kicheko usoni. "Nilifunga mizigo," alisema. "Athanase alikuwa amenipatia na gari. Nikakaa pale mulangoni, mizigo ku miguu, nikafikiri: nikifika Mushaki, nani ataniuliza nitarudi lini kwangu? Hakuna. Mutaleta stuli yangu, mutapiga vigelegele, mutasema Céline amerudi. Nitasema nini? Nitaondoka tena namna gani? Itabidi nitoroke sawa mwizi, na wee utalia mara ya pili. Nikafungua mizigo. Na nilifanya vile tena, Victorine. Mara mingi. Nilikuwa nakuota, nilikuwa nasema na wee mu shamba peke yangu, bantu banadhani niko nasali. Lakini niliogopa ile tundu."

Victorine aliingiza kidole kwenye ule mshono aliokuwa ameukata.

"Sitaki kurudi," Céline alisema. "Nataka kutembea kwako. Nataka nifike mugeni, munichinjie kuku, muniulize nitabaki siku ngapi, na siku ikifika munisindikize mpaka ku gari. Njo kitu natafuta. Na wee haukuacha nafasi yake."

Upande wa pili wa nyumba nyimbo zilikuwa zinaendelea. Sauti ya Athanase ilisikika kati ya zile za wanawake, nayo ilikuwa mbaya kweli. Victorine aliliangalia blanketi mapajani mwake, upande wake, upande wa Céline, na kile kiraka chekundu. Misimu yote hiyo alijisifu kuwa ndiye anayemshikia rafiki yake nafasi, na kumbe ndiye aliyemfungia njia. Aliona aibu. Aliona pia hasira, kwa maana aibu na hasira kwake vililala kitanda kimoja, na chini ya hivyo viwili aliona kwamba anampenda mwanamke huyu vile vile kama jana, na kwamba kesho atamwacha hapa.

Adelaïde alichungulia kwenye kona akiwa na samaki mkononi. Aliwatazama wote wawili, akamtazama yule samaki, akamficha nyuma ya mgongo.

"Toka," Victorine alimwambia.

Akatoka. Victorine alichukua sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye nguo yake kifuani, akatunga uzi, akaushona upya ule mshono alioukata, polepole, nukta kwa nukta, na Céline akamshikia kitambaa. Victorine alifunga fundo, akaukata uzi kwa meno.

"Utakuja lini?" aliuliza.

"Maharagi ikikomaa."

Victorine aliitikia kwa kichwa. Swali lililofuata lilimjia mpaka ulimini. Alilimeza, likarudi, akalimeza tena, kisha akajipangusa uso kwa kiganja na kuliuliza.

"Na utabaki siku ngapi?"

Céline alifungua mkono, akaanza kuhesabu kwenye vidole. Alikosea, akaanza upya, akakosea tena, kwa sababu machozi yalikuwa yamejaa machoni na hakuwa anaviona vidole vyake.